Mdakaji wa Kambi ya Uamsho

Kazi ya Évariste kanisani ilikuwa kusimama nyuma ya watu. Mhubiri akiweka mkono kwenye paji la uso la muumini, na muumini akalegea na kuanguka chali, lazima awepo mtu wa kumpokea kabla kisogo hakijagonga sakafu. Mtu huyo alikuwa Évariste. Kwa miaka saba, katika ukumbi wa kukodi uliobanwa kati ya duka la matairi na ghala la mazulia karibu na njia panda ya Jane na Finch, jijini Toronto, alidaka akina mama wa kilo tisini, akadaka vijana walioanguka kwa kuigana, akadaka na mzee mmoja aliyekuwa akianguka kila Jumapili saa sita na robo bila kukosa. Hakuwahi kumwachia mtu hata mmoja. Watu walimwita Mdakaji, na jina hilo hakulipatia Kanada.

Alikuja nalo kutoka Uvira, mashariki ya Kongo, alikokuwa kipa wa timu ya mtaa wa Mulongwe. Kocha wake alimfundisha jambo moja tu la maana: usitazame macho ya mpigaji, macho hudanganya, tazama mguu. Évariste alilichukua somo hilo hadi kanisani. Nyuso hakuziona, maana kazi yake ilikuwa ya migongoni. Alitazama visigino. Mtu anayeanguka kweli hulegea kisigino kwanza, halafu goti, halafu kiuno. Anayejifanya huanza na kiuno, na mara nyingi huchungulia nyuma kidogo kuhakikisha kama mdakaji yupo. Tena kuna wa aina ya tatu, ambaye visigino vyake hukakamaa, vidole vya miguu hujikunja ndani ya viatu, na mwili wote hushuka ukiwa umenyooka kama ubao. Huyo hajifanyi wala hajajazwa na Roho. Huyo ana kifafa. Évariste alimtambua kuliko mtu yeyote pale ukumbini kwa sababu alikuwa akiishi naye nyumba moja.

Huyo alikuwa Épiphanie, mdogo wake wa mwisho. Walipishana miaka kumi na saba, na katika familia yao walibaki wao wawili tu.

Oktoba ya 1996, vita vilipoingia Uvira, wapiganaji walikuja mtaani mchana kweupe na kuanza kupita nyumba kwa nyumba. Baba yao alitoka nje kuwaeleza kwamba yeye ni mwalimu tu. Wakampiga risasi akiwa bado anaeleza. Évariste alikuwa ameshavuka ukuta wa nyuma, ukuta wa matofali uliopandwa vipande vya chupa juu yake, na viganja vyake vilikuwa vinachuruzika damu. Mama alikuwa upande wa pili na Épiphanie, mtoto wa miaka minne. "Daka," mama alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia kumpa mtu sufuria. Kisha akamrusha. Mtoto alipita juu ya vile vipande vya chupa, kagauni kake kamejaa upepo, na Évariste akamdaka kifuani. Alisimama akimsubiri mama. Alisikia mlango ukivunjwa, akasikia mama akimwita mumewe ambaye alikuwa ameshakufa, akasikia panga likigonga mfupa, halafu hakusikia kitu tena. Akakimbia na mtoto kuelekea ziwani.

Épiphanie haukumbuki uso wa mama yake. Anachokumbuka ni kule kuruka, na mikono iliyokuwa inamsubiri.

Kifafa kilimwanza akiwa na miaka tisa, katika kambi ya wakimbizi ya Lugufu huko Tanzania. Siku moja alianguka kwenye mafiga, akaungua mkono wa kushoto kutoka kiwiko hadi vidoleni, wakati kaka yake yuko kwenye foleni ya unga. Aliporudi akakuta majirani wameshamvuta motoni, ngozi ya mkono imechomoka kama soksi. Évariste aliapa kwamba mtoto yule hataanguka tena bila yeye kuwepo. Kambini hapohapo ndipo alipookoka, na hapohapo alipomwoa Amandine, msichana wa Fizi mwenye maneno machache na macho makali. Mwaka 2004 walipata karatasi, wote watatu wakapelekwa Toronto.

Mwaka wa kwanza waliishi St. James Town, ghorofa ya kumi na tisa, na huko walimpata Moez, mwenye duka la dawa, Mwismaili aliyezaliwa Mwanza na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chao. Hata walipohamia Jane na Finch waliendelea kupanda basi na treni ya chini kwenda kuchukua dawa kwake, kwa sababu alikuwa anaeleza.

"Bwana Évariste, nakuomba unisikilize vizuri," Moez alimwambia siku ya kwanza. "Vidonge hivi ni viwili asubuhi na viwili jioni, maisha yote. Mkivikatiza ghafla, ugonjwa unarudi na hasira. Kuomba ombeni, hata mimi naomba. Lakini dada ameze."

Épiphanie akameza. Akakua, akamaliza shule, akaanza kusomea ualimu wa watoto wadogo, na kila alipoulizwa jambo kwa Kiswahili akawa anajibu kwa Kiingereza huku anacheka. Katika miaka saba hakuanguka zaidi ya mara tano. Zote tano alidakwa.

Évariste mwenyewe alipata kazi kwenye kiwanda cha kuku. Alikuwa mtu wa kutundika. Kuku waliletwa hai ndani ya makreti, naye aliwakamata miguu, akawageuza kichwa chini na kuwapachika kwenye ndoano zilizokuwa zinapita bila kusimama, ishirini kwa dakika moja, wakimparua, wakimnyea, wakipiga mabawa mpaka vumbi la manyoya linamwingia kooni. Hatua kumi mbele yake kulikuwa na kisu. Alirudi nyumbani na alama za kucha hadi mabegani, na Amandine alimpaka mafuta. Wiki nzima ilikuwa hiyo, kisha ikaja Jumapili, akavaa suti, akasimama nyuma ya watu na kuwapokea taratibu kama mayai. Ni rahisi kuona kwa nini aliipenda Jumapili.

Mchungaji wao, Pasta Landry, alikuwa Mrundi mwembamba mwenye miwani, msomaji sana wa historia za uamsho. Alipenda kuwasimulia habari za Kentaki ya mwaka 1801, huko Marekani, mpakani mwa pori, ambako wakulima walifunga farasi kwenye magari, wakabeba watoto na vyakula, wakaenda kupiga kambi msituni na kuhubiriwa siku sita mfululizo. Watu walianguka kwa mamia, akawaambia. Wengine shingo zilitikisika mpaka nywele za wanawake zikapiga hewani kama mjeledi, wengine walipiga magoti chini ya miti na kubweka. Wahuni walikuja na pombe na fimbo kuvuruga ibada, na wahubiri wakakunja mikono ya mashati, wakashuka jukwaani na kuwachapa. Sehemu hiyo ya mwisho Pasta Landry aliisimulia kwa raha kuliko zote, ingawa yeye mwenyewe asingeweza kumchapa hata paka.

Mwaka 2009 akapata kiwanja. Kilikuwa mwendo wa saa mbili kaskazini ya jiji, chini ya misonobari, penye banda kubwa la mbao lisilo na kuta ambalo Wamethodisti walilijenga zamani za babu zao kwa kazi hiyohiyo. Kila Agosti kanisa likawa linakikodi kwa wiki moja.

Jumamosi ya ile wiki ya kwanza, jua bado liko juu, pikapu mbili za vijana wa mji wa jirani ziliingia kiwanjani. Walikuwa wamelewa. Walitukana kwanza, kisha wakakata kamba za hema ambamo akina mama walikuwa wanaimba, likawaangukia. Chupa ikarushwa, ikampiga mama mmoja mdomoni na kumvunja meno mawili. Ya pili Évariste aliidaka hewani. Wanaume wa kanisa waling'oa nguzo za hema na kuwaendea. Ilikuwa dakika tano tu, lakini wapo waliotapika damu. Évariste alimkamata kijana mmoja mkono, akaupindua mgongoni mpaka bega likaachia, na yule kijana alipopiga kelele Évariste hakuacha mara moja. Pikapu ziliondoka na vioo vimevunjwa.

Kesho yake Pasta Landry alihubiri akitetemeka kwa furaha kwamba wao sasa ni warithi halisi wa wale wa Kentaki. Watu wakashangilia wakiwa na bandeji. Tuseme ukweli: siku hiyo kanisa lilionja kupigana, likaona ni kutamu. Na walevi hawakurudi tena, kwa hiyo ikabidi apatikane adui mwingine.

Adui huyo aliletwa na Mtume Sosthène. Alikuja kutoka Lubumbashi kupitia Brussels, Agosti ya 2011, mwanaume mpana mwenye saa ya dhahabu na sauti isiyohitaji kipaza. Sifa yake ilikuwa kupigana na pepo kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu, siku ya kwanza ya kambi, aliweka beseni la plastiki mbele ya madhabahu na kusema kila mwenye dawa azilete, kwa sababu mtu hawezi kumwamini Mungu na duka la dawa siku moja. Watu wakapanga foleni. Vidonge vya presha vikaingia, vya kisukari vikaingia. Épiphanie, miaka kumi na tisa, alitembea mbele na kichupa chake cha Moez, akakitupa humo. Aliporudi kwenye benchi alimtazama kaka yake kama mtoto aliyepanda ngazi ndefu. Évariste alimpigia makofi.

Aliyemtazama mumewe kwa jicho baya alikuwa Amandine. "Uko napiga makofi juu ya nini?" alimnong'oneza. "Moez alisema nini?" Évariste akamwambia Moez si Mkristo, anajuaje. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema, ila Amandine alilijua: Jumapili ya kufunga kambi, Évariste alikuwa anawekewa mikono kuwa shemasi. Mtu aliyekuwa kipa wa mtaa, halafu mkimbizi, halafu mtundika kuku, angeitwa shemasi mbele ya makanisa manne. Si wakati wa kubishana na mtume.

Jumanne mlinzi wa kiwanja, mzee Mzungu mwenye mkongojo, alikuja na trekta lililobeba marobota ya majani makavu ya ngano. Pasta Landry akatafsiri maneno yake. Zamani, mzee alisema, mbele ya madhabahu palikuwa na zizi lililotandikwa majani haya mpaka magotini, ili yeyote atakayeanguka asiumie. Bibi yake alimsimulia. Hawakuuliza nani ameangushwa na nani, walitandika tu. Alikuwa anawaletea bure.

Mtume Sosthène alicheka. "Mumwambie arudishe chakula ya ng'ombe," akasema. "Mutu wa Roho akianguka haumiake." Trekta likageuza. Kisha akawakusanya wadakaji wote, Évariste akiwa mkubwa wao, akawapa sheria mpya. Anayeangushwa na Roho, mumudake. Anayeangushwa na pepo, musimuguse, mumupishe, kwa sababu pepo likitoka linatafuta mwili wa karibu, na wa karibu ni wa mdakaji. Yeye mwenyewe atawaonyesha nani ni nani.

Évariste aliyasikia hayo, akageuka kumtafuta Épiphanie kwa macho. Lakini aliitikia amina pamoja na wenzake.

Alhamisi asubuhi, Épiphanie alikuja kumtafuta nje ya hema la chakula. Alikuwa hajala siku mbili, kama wote waliofunga kambini, na chini ya macho palikuwa peusi.

"Yaya," alimwita, kama wanavyoita kaka mkubwa kwao, "niko nasikia chuma mu kinywa."

Évariste aliijua ladha hiyo ya chuma. Kila mara ilimjia Épiphanie kabla ya kuanguka, wakati mwingine saa moja kabla, wakati mwingine siku nzima. Gari lilikuwa limeegeshwa hatua hamsini kutoka pale. Funguo zilikuwa mfukoni mwake. Alizigusa.

"Mungu iko," akasema. "Leo Mtume atakuombea, itaisha."

"Naogopa."

"Mi nitakuwa nyuma yako."

"Utanidaka?"

"Siku gani nilikukosa?"

Épiphanie akafikiri, akatikisa kichwa kwamba hakuna, na akaenda kujiandikisha kwenye mstari wa maombi.

Saa nane mchana banda lilikuwa limejaa. Joto lilikuwa kali, na ngoma zilipigwa hadi mbao za paa zikadondosha vumbi. Mstari ulisogea. Évariste alidaka wawili, watatu, saba, akiwalaza juu ya mbao za jukwaa na kuwafunika magoti kwa kitenge. Kisha mbele yake ukaja mgongo anaoujua, wenye gauni la njano, na chini yake viatu vyeupe ambavyo yeye mwenyewe alimnunulia kwa ajili ya shule.

Mtume Sosthène alimshika kichwa kwa mikono miwili na kukitikisa. "Jina lako nani?" akanguruma. Hakuwa anamuuliza Épiphanie. Alikuwa anamuuliza pepo. Évariste alikuwa anatazama visigino. Akaviona vikikaza. Akaona ngozi ya viatu ikifinyana pale vidole vilipojikunja. Akanyoosha mikono.

"Mudakaji, toka," Mtume akasema. "Hii haiko Roho. Hii ni pepo. Ukimushika itaingia kwako."

Évariste alimtazama Pasta Landry. Pasta Landry alikuwa anatazama Biblia yake, ameishika juu chini. Watu mia nne walikuwa wanaimba. Ilikuwa ni hatua moja tu, ya kwenda kulia, na Évariste akaipiga.

Épiphanie alikwenda chini mzima mzima. Kisogo chake kiligonga ukingo wa jukwaa, na mlio huo Évariste aliusikia juu ya ngoma zote, mkavu na mfupi. Kisha mwili ukaanza kuruka. Povu likatoka, nalo lilikuwa jekundu. Mtume aliita wahudumu wanne wamkandamize mikono na miguu. Akamkalia tumboni. Akavua mkanda wake na kuanza kumpiga nao mapajani, mabegani, usoni, akiamuru toka, toka, na kila pigo watu waliitikia toka. Mtu akaleta chupa ya maji ya chumvi, wakampanua taya na kummiminia. Yakarudi na damu. Mama mmoja karibu na jukwaa alianza kulia, akaambiwa anyamaze asimsaidie shetani.

Na Évariste alisimama hapo. Hili lazima lisemwe, maana yeye mwenyewe husema. Alisimama mikono yake ikiwa bado imenyooshwa mbele, mitupu, wakati wimbo unaimbwa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Macho yake yalikuwa yamebaki kwenye visigino. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka. Kile kisigino kilichokuwa wazi kilikuwa kinagonga mbao, kinagonga, kinagonga, halafu kikaacha.

Hapo ndipo alipoamka. Alimkamata Mtume Sosthène kwa ukosi wa shati, akamnyanyua kutoka juu ya mwili wa Épiphanie kama anavyonyanyua kreti, na kumpiga ngumi ya kwanza akiwa bado hajamweka chini. Taya lilivunjika palepale. Akampiga tena, na tena, mpaka meno yakamkata vifundo vya vidole. Wahudumu walimrukia. Mmoja alimpiga kiti mgongoni, mwingine akamchapa nguzo ya hema ubavuni, mbavu mbili zikaenda. Évariste alimshika huyo wa nguzo kichwa, akakigongesha kwenye mhimili wa banda. Watu walikuwa wanakanyagana kutoka nje, na baadhi walikuwa wanamnyooshea mkono wakisema mmeona, limehamia kwake, limehamia.

Aliyemaliza mambo alikuwa Amandine. Alikuwa amechukua funguo za akiba, akaliendesha gari juu ya nyasi na kamba za mahema hadi ndani ya banda lile lisilo na kuta, honi imekandamizwa, na watu wakapisha kwa sababu gari halina pepo. Mlinzi mzee alikuwa ameshapiga simu kuita gari la wagonjwa. Wakampakia Épiphanie, wakakutana nalo njiani.

Fuvu lilikuwa limepasuka. Épiphanie alilala siku kumi na moja bila kufumbua macho, amefungwa mipira, uso umevimba hadi Évariste akawa anamtambua kwa ule mkono wa kuungua tu. Alipoamka, sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na maneno yalimjia polepole, Kiingereza chote kimetawanyika, Kiswahili kimebaki. Ualimu ukaishia hapo.

Mtume Sosthène alipanda ndege Jumamosi akiwa na taya lililofungwa waya. Polisi waliwahoji watu wa kanisa mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa amefumba macho akiomba wakati ule. Wale wahudumu wanne walisema walikuwa wanamzuia dada asijiumize. Kwa hiyo mtu pekee aliyesimama mbele ya hakimu kwa mambo ya siku hiyo alikuwa Évariste, kwa taya la Mtume na kichwa cha mhudumu. Alikiri yote. Hakimu alimuuliza, kupitia mkalimani, kama ana la kusema kabla ya hukumu.

"Kosa yangu haiko kwenye hii karatasi," Évariste akajibu.

Mkalimani alitafsiri. Hakimu akayaandika maneno hayo. Akampa kifungo cha nje cha miezi kumi na minane. Kiwandani hawakumtaka tena mtu mwenye kesi ya kupiga watu, kana kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya upole. Pasta Landry alikuja mara moja na gunia la mchele, akasema kanisa linawaombea. Amandine alipokea mchele, akafunga mlango Pasta akiwa bado anasema. Kambi inaendelea kila Agosti. Wamepata mdakaji mwingine.

Walihamia Crescent Town, upande wa mashariki, ambako hakuna aliyewajua. Évariste alipata kazi ya kusafisha shule. Sakafu yote ya nyumba aliitandika sponji nene za bluu, zile za ukumbi wa mazoezi, kuanzia mlangoni hadi chooni, mpaka wageni wakawa wanayumba wakitembea. Pembe za meza alizivika mipira. Épiphanie akarudi kumeza vidonge vya Moez, lakini kichwa kilichopasuka hakikuwa tena kile cha zamani, na kuanguka kukawa kwa kila mwezi.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo halikusemwa nyumbani humo kwa miaka sita. Épiphanie hakumpa kaka yake mgongo. Jikoni alikatia vitunguu kwenye kona, akiangalia mlango. Kwenye basi alikaa kiti cha nyuma yake. Ndani ya lifti aliegemea ukuta. Akiwa anafunga viatu, Évariste akapita nyuma yake, alinyanyuka kiatu kikiwa nusu na kusubiri apite. Hakuwa na hasira. Alimpikia, alicheka naye, alimkata nywele. Aligeuka tu.

Mwaka 2017, Jumamosi moja ya Machi, theluji ikiwa bado madirishani, Évariste aliuliza. Amandine alikuwa kazini. Épiphanie alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, ameupa ukuta mgongo.

"Épi," akasema, "unakumbukaka ile siku?"

"Hapana. Docteur alisema sitakumbuka."

"Sasa juu ya nini hunipi mgongo?"

Épiphanie alisimamisha vidole vyake kwenye mchele. Ilimchukua muda, kama kila kitu sasa.

"Sijue, Yaya," akasema. "Nikijaribu, miguu inakataa."

Évariste aliinama. Alitaka kumwambia yote, ile hatua moja, upande gani, wimbo gani. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka isipokuwa kilio, cha mtu mzima asiyekizoea, kibaya kusikiliza. Alilia ameshika meza iliyovikwa mipira. Épiphanie alimwacha alie, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Kisha akasukuma sinia pembeni.

"Yaya," akasema. "Chuma."

Kitanda chake kilikuwa hatua tatu kutoka pale, na kwa kawaida, akiwahi kuhisi, alikwenda kulala. Safari hii hakwenda. Alitembea juu ya sponji hadi mbele ya kaka yake, akasimama naye uso kwa uso. Kwa maisha yake yote ya kudaka, Évariste hakuwahi kuuona uso wa mtu anayekaribia kuanguka. Sasa aliuona, wote, kovu la mkanda kwenye shavu, na macho yaliyokuwa yanamtazama yeye bila kupepesa. Épiphanie alilishika shati la kaka yake kwa mikono miwili, pale kifuani, akalizungusha kwenye ngumi mara moja, mara mbili, akakaza, kama mtu anayefunga mbuzi asiyemwamini.

Évariste alielewa ni kwa nini. Alipanua miguu, akasimama imara.

Mwili ukakaza, ukaja mbele, na yeye akaupokea kifuani na kushuka nao taratibu hadi chini. Ulimpiga kwa magoti, ulimpiga kwa paji la uso mdomoni hadi akaonja damu yake, naye akashikilia. Ulipotulia, Épiphanie akalala palepale, akikoroma, amelowa. Ngumi zake zilikuwa bado zimefumba kwenye shati. Évariste hakuzibandua. Alikaa sakafuni hivyo hivyo mpaka Amandine aliporudi kutoka kazini.